Chongo na Kengeza: Sifa na Lawama za Watu Mashuhuri katika Lugha Yetu

Tarehe 21 Machi 2021 umati mkubwa wa watu ulifurika katika Uwanja wa Uhuru, Temeke, kuuaga mwili wa Rais John Pombe Magufuli, ambaye kifo chake kilikuwa kimetangazwa usiku wa tarehe 17 mwezi ule ule. Watu walizidi nafasi, wakasongana, na wa nyuma wakawasukuma wa mbele. Baadaye jeshi la polisi lilitangaza kwamba watu 45 walikufa katika msongamano ule. Walikwenda kumlilia maiti mmoja. Wao wenyewe wakarudishwa makwao kuliliwa.

Jambo hili lataka fikira. Majonzi ni haki ya kila mtu, na kumzika kiongozi kwa heshima ni adabu njema. Lakini yapasa kuuliza: ni kitu gani kimfanyacho mchuuzi wa Tandika au fundi wa Keko amwone mtu ambaye hakupata kusema naye hata neno moja kuwa wa karibu kuliko jirani yake? Na ni kitu gani kiwafanyacho watu wengine, katika mji huo huo na siku hizo hizo, wamwone mtu yule yule kuwa ndiye asili ya kila ubaya? Wenye elimu ya nafsi na elimu ya siasa wana majibu yao. Mimi nakusudia kulitazama jambo hili kwa upande wa lugha, maana sifa na lawama zote mbili hufanywa kwa maneno kabla hazijafanywa kwa mikono na miguu. Dai langu ni moja: sifa iliyopita kiasi na lawama iliyopita kiasi si vitu viwili vinavyopingana. Ni tabia moja ya usemi, nayo ni kuweka kazi ya watu wengi juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Tuanze na lakabu, kwa sababu lakabu ni sifa au lawama iliyofupishwa ikawa neno moja. Katika baraza za Mbagala, Temeke, Mwananyamala na Kinondoni, mtu mkubwa hakai siku nyingi kabla hajapewa jina la pili. Julius Nyerere aliitwa Mwalimu. Jina hili lilikuwa na haki yake, kwa kuwa alifundisha kweli, Tabora kisha Pugu, hata mwaka 1955 alipoacha kazi ya ualimu kwa ajili ya TANU. Lakini jina la kazi lilipogeuka kuwa jina la heshima, lilikuja na jambo jingine kwa siri: penye mwalimu pana wanafunzi, na mwanafunzi haulizwi habari ya uendeshaji wa shule. Wasiompenda, na mara nyingine hata waliompenda kwa utani, walimwita Mchonga kwa ajili ya meno yake. Heshima ilishika kazi yake, kejeli ikashika kinywa chake. Majina yote mawili yalimwacha peke yake, hayakutaja mwenziwe hata mmoja.

Ali Hassan Mwinyi, aliyetawala kuanzia 1985 hadi 1995, aliitwa Mzee Ruksa, kwa kuwa katika zama zake milango ya biashara ilifunguliwa. Aliyeona nguo na sabuni zimerudi madukani alilitamka jina hilo kwa shukrani. Aliyeona nidhamu ya serikali imelegea alilitamka neno lile lile kwa dharau. Mwenyewe hakulikataa, bali alilifanya kuwa jina la kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2021. Aliyemfuata, Benjamin Mkapa, alipatwa na jambo la ajabu zaidi kwa mwanafunzi wa sarufi. Jina la ukoo wake liliondolewa m- likatiwa kiambishi cha u-, likawa ukapa, maana yake hali ya kukosa fedha mfukoni. Mtu aligeuzwa kuwa hali, kama vile uzee na umaskini. Ndivyo hesabu nzima ya uchumi wa nchi, pamoja na masharti ya wakopeshaji wa ng'ambo, ilivyotiwa katika silabi tatu za jina la mtu mmoja.

Tena liko jina la Jiwe, ambalo Magufuli mwenyewe aliwahi kujiita hadharani. Aliyempenda alisikia uthabiti katika neno hilo: jiwe haliyumbi. Aliyemchukia alisikia ukavu wa moyo: jiwe halisikii. Neno ni moja, herufi ni zile zile, na mtajwa ni yule yule. Kilichogeuka ni moyo wa msemaji. Wazee wetu walilijua hili zamani waliposema, ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hii kwa kawaida hutajwa kumcheka mpenzi aliyepofushwa, lakini ina upande wa pili usiotajwa. Ukichukia, kengeza huita chongo. Katika hali zote mbili hakuna aliyekwenda kulitazama jicho lenyewe.

Sasa tutoke katika majina twende katika vitenzi, maana huko ndiko kosa lilikojificha zaidi. Katika makutano ya Tazara, wilayani Temeke, liko daraja la juu lililofunguliwa tarehe 27 Septemba 2018. Lilijengwa kwa msaada wa fedha za Japani, na kampuni iliyolijenga ni ya Kijapani. Matayarisho yake yalianza kabla Magufuli hajawa Rais, ingawa wakati huo yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Ujenzi. Daraja hilo lina jina la mhandisi, Patrick Mfugale, na aliyempa mhandisi heshima hiyo ni Magufuli mwenyewe. Hapa basi kiongozi alitenda jambo ambalo lugha ya wamsifuo haitendi: alimtaja mwenziwe. Lakini mtu akipita hapo katika daladala atasikia usemi mwepesi, Magufuli kajenga, na jina la mhandisi limebaki juu ya kibao.

Mtu aweza kusema kwamba huu ni ufupisho tu, na kila lugha hufupisha. Ni kweli. Lakini Kiswahili si maskini wa viungo vya kusemea jambo hili sawasawa. Tuna jenga, kazi ya fundi na kibarua. Tuna jengesha, kazi ya aliyeamuru na kutafuta fedha. Tuna jengewa, hali ya sisi tupitao juu yake bila kubeba tofali. Mnyambuliko mmoja wa kitenzi watosha kumpa kila mtu haki yake: Rais alijengesha, mafundi walijenga, watu wa Temeke walijengewa. Mtu mwenye chombo hicho mkononi akaacha kukitumia, hakuzuiwa na lugha, bali amechagua. Na uchaguzi huo una maana, kwa sababu mtu aliyezoea kusema kajenga atasema pia kaua, kafunga, kaiba, pasipo kuuliza nani aliyeandika hati, nani aliyepeleka, nani aliyeona akanyamaza.

Tutazame nafsi za vitenzi pia. Mtu mzima wa Temeke akisimulia vita vya 1978 na 1979 husema, tulimpiga Amin. Adui ni mmoja, mshindi ni sisi. Akisimulia foleni za sukari na sabuni za miaka ile ile husema, Nyerere alituletea shida. Mwenye kosa ni mmoja, na sisi tumekuwa watendewa. Kwa ushindi tu wengi, kwa dhiki yuko peke yake. Lakini dhiki ile ilikuwa na wazazi wengi: ukame wa 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, gharama za vita vyenyewe, na uhamisho wa watu katika Operesheni Vijiji kati ya 1973 na 1976. Katika hilo la mwisho uamuzi ulikuwa wa serikali ya Nyerere, na hawezi kuondolewa katika hesabu. Lakini hakwenda yeye kijiji hadi kijiji kuwatoa watu nyumbani mwao. Walikwenda maofisa, na miongoni mwao wako waliotenda kwa pupa kuliko walivyotumwa. Hao hawana lakabu, na kwa kuwa hawana lakabu hawalaumiwi.

Idi Amin ndiye mfano mgumu kuliko yote, na haifai kuukwepa. Wakati wa vita Watanzania walimwita Nduli, neno lenye maana ya muuaji mkatili, na likamganda hata leo mtu akisema nduli msikilizaji humfikiria yeye kwanza. Mauaji ya utawala wake yalikuwa ya kweli, na sina nia ya kumpunguzia uzito hata wa unyoya. Lakini neno lenyewe lilitufanyia nini? Lilitupa mnyama pahali pa serikali. Tarehe 25 Januari 1971 Amin alipomwondoa Milton Obote, watu walishangilia katika njia za Kampala. Uingereza ilimtambua kabla mwezi Februari haujafika katikati. Mwaka 1972 alipowafukuza Waasia, wako wengi waliofurahi. Alikuwa na askari, magereza, makarani na wapelelezi. Nduli wa porini hana karani. Ndiyo sababu baada ya Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili 1979, Nduli aliondoka lakini mauaji katika Uganda hayakuondoka naye. Aliyedhani kwamba ubaya wote ulikaa katika mwili mmoja hakuwa na njia ya kuyaeleza yaliyofuata.

Nyumbani kwetu tunaye mtu mmoja aliyepita katika hali zote hizi, naye ni Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akawa mwimbaji wa ngoma ya Bomba. Mwaka 1955 alipokabidhiwa tawi la wanawake la TANU, aliwafikia wanawake wa mji kwa njia ya vyama vyao vya ngoma, akawavuta kwa maelfu. Katika mikutano ya kudai uhuru sauti yake ilijulikana kama ya Nyerere. Mwaka 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha mwaka 1972 akasamehewa na kuachiliwa. Leo moja ya barabara kubwa za mji ina jina lake. Alikuwa mama wa taifa, akawa haini, akawa barabara. Katika hatua zote tatu kuna kitu kimoja kilichokosekana, nacho ni wale wanawake wa vyama vya ngoma. Aliposifiwa, sifa yao iliingia katika jina lake. Alipolaaniwa, hawakutajwa kuwa walimwamini kwa sababu gani. Alipofanywa barabara, walibaki wapita njia.

Mambo haya hayawahusu watawala peke yao. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, maelfu ya watu walikusanyika Kinondoni kumuaga, akazikwa katika makaburi ya huko. Filamu zake zilikuwa zimeingia nyumba nyingi, na watu walimlilia kama mtoto wa nyumbani. Lakini siku hizo hizo mwigizaji msichana aliyekuwa pamoja naye usiku ule alihukumiwa barazani na vijiweni kabla hajafikishwa mbele ya hakimu. Kadiri marehemu alivyotakaswa ndivyo msichana alivyopakwa masizi. Mahakama ilichukua miaka mitano na zaidi, na Novemba 2017 ikaona kosa la kuua bila kukusudia, ikatoa kifungo cha miaka miwili. Tofauti kati ya hukumu ile ya baraza na hii ya mahakama yatufundisha jambo moja: sanamu ya dhahabu haisimami bila kuchimbiwa shimo kando yake, na katika shimo hilo hutafutwa mtu wa kutiwa.

Je, tabia hii tumeirithi katika ushairi wetu wa kale? Wako wasemao kwamba sifa za kupita kiasi ni urithi wa tenzi za mashujaa. Nadhani wanazidhulumu tenzi. Tuutazame Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Liyongo amesifiwa humo kwa nguvu zisizo za kawaida. Lakini alipofungwa, alitokaje gerezani? Mama yake alimtengenezea mkate, tupasi zikafichwa ndani yake. Kijakazi Saada akaupeleka. Na watu waliokuwa wakiimba na kucheza gungu nje, kwa kelele zao, wakaufunika mlio wa minyororo ikatwayo. Shujaa aliokolewa na mama, mtumwa na umati, na mtunzi hakuona haya kuyasema. Wala hakumfanya shujaa wake kuwa asiyekufa: alimwekea kitovu kinachopenya sindano ya shaba, na aliyeichoma akawa mwanawe mwenyewe, si jitu la kuzimu.

Tena liko tukio la kisimani. Liyongo alipochomwa alikwenda akapiga goti karibu na kisima, akauvuta upinde wake, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji walimwona kwa mbali wakadhani yu hai, nao kwa siku kadhaa wakakaa na kiu, hawathubutu kuteka maji. Sijui mfano ulio sawa kuliko huu kwa shauri letu. Mtu aliyekuzwa kupita kiasi huwatisha watu hata akiwa maiti, na wanaoumia ni wenye ndoo. Mtunzi wa kale aliyaona hayo, na mwenye kumsifu kiongozi wa leo angejifunza kwake.

Basi kwa nini watu hutenda hivi? Naona sababu tatu. Ya kwanza ni umbali. Kwa mtu wa Mbagala, serikali ni kitu kisicho na uso. Hati yake ya kiwanja hupotea, maji hukatika, wala hajui nani wa kumuuliza. Mtu mmoja mwenye uso na sauti humpa pahali pa kuelekeza shukrani yake au hasira yake. Sababu hii si ya kuchekwa, maana asiyejibiwa na ofisi hana budi kuzungumza na picha. Sababu ya pili ni faraja. Nikisema kwamba ubaya wote ulitoka kwa mtu mmoja, mimi niliyepiga makofi natoka safi. Na nikisema kwamba wema wote ulitoka kwake, mimi nisiyefanya kitu sina deni. Sababu ya tatu ni ujira. Msifu mara nyingi hutazamia kitu, na mlaumu vile vile, utawala ugeukapo. Tunasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na twaitumia methali hiyo kumwonya mgema. Lakini atakayekunywa tembo la maji si mgema, ni yule aliyemsifu.

Wapinzani wangu watakuwa na hoja mbili. Watasema kwanza kwamba maiti hasemwi vibaya, na kwamba kupima sifa za marehemu ni utovu wa adabu. Najibu kwamba adabu hiyo ni ya msibani, si ya maktaba. Nyerere mwenyewe, katika kijitabu chake Tujisahihishe cha mwaka 1962, aliwaonya wanachama wenziwe wasipime maneno kwa ukubwa wa msemaji bali kwa ukweli wake. Kumpima yeye kwa kipimo hicho ni kumheshimu. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Watasema kwamba kugawanya lawama kwa watu wengi ni kumpa mkosaji mkuu mlango wa kutokea, naye atasema kwamba wote walikuwamo. La, kugawanya si kusamehe.  Mwenye amri achukue la mwenye amri, mwenye kutekeleza achukue lake, na mshangiliaji naye asikose kijisehemu. Zama za Magufuli zilikuwa na barabara na nidhamu ya ofisini, ambazo wengi walizishukuru. Zilikuwa pia na katazo la mikutano ya hadhara lililoanza 2016 na kuondolewa Januari 2023, na kunyamazwa kwa takwimu za ugonjwa wa korona tangu katikati ya 2020. Msema kweli hana haja ya kuchagua karatasi moja akaichoma nyingine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: methali hii haikumwambia mtu aache kuhukumu, ilimwambia ahukumu kwa hesabu kamili.

Kwa walimu na wakusanyaji wa lugha nina shauri dogo. Tukusanyapo lakabu na nyimbo za sifa katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, tusiridhike kuandika maana yake tu. Tuandike nani aliyelitamka jina, mbele ya nani, mwaka gani, na kama maana ilihama baada ya mtu kuondoka madarakani. Na tufundishapo utungaji wa wasifu, tumtake mwanafunzi ajibu maswali matatu kabla hajashika kalamu: Ni nani waliotenda pamoja na mtu huyu? Ni nani aliyelipa gharama? Na kama jambo lile lile lingetendwa na yule nimchukiaye, ningeliita kwa jina gani? Wasifu utakaotoka hapo huenda usivume sana, lakini utakuwa na watu ndani yake.

Lugha yetu ilikwisha kutuonya kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Twaisema methali hiyo tukitaka kusaidiwa kazi, kisha twaisahau tukitaka kusifu au kulaani. Wale 45 wa Uwanja wa Uhuru walikwenda kumuaga mtu aliyekuwa na lakabu nyingi. Wao hawakuwa nayo hata moja. Ikiwa katika usemi wetu hakuna pahali pa kuwaweka, kasoro si ya Kiswahili, ni ya sisi tunaokitumia.